Alisema Mimi ni Dada Yake, Sasa Anataka Kunioa

Wasikilizaji wangu wa Kisangani, na nyinyi wa Basoko mnaonipata siku ambazo hewa ni nzuri, barua hii ilinifikia wiki iliyopita na sikuisoma. Mwenyewe alitaka niisome Alhamisi ileile, pamoja na jina lake. Nilikataa, nikamjibu kwanza kwa bahasha. Leo ameniruhusu, basi nawasomea yote: barua yake, jibu langu kama nilivyoliandika, na yaliyofuata. Punguzeni moto wa mboga ya pondu, mkae.

*

Mama Odile, mushauri wetu,

Nakuandikia nikiwa nimesimama nyuma ya comptoir, ile meza ya kuuzia ya pharmacie kwenye ninauzaka dawa, sababu nikikaa nitalia, na mimi siyo mutu wa kulia mbele ya wateja. Nisaidie mbele Jumamosi ifike. Jina langu ni Clothilde, niko na miaka makumi tatu na mbili, nakaa Kabondo kwa papa yangu, papa Alphonse, mutumishi wa serikali mwenye alishaenda ku pension, pamoja na shangazi yangu Micheline mwenye alitukomalisha tangu mama alikufa. Soma jina langu lote ku redio. Sijifichi, sikuiba kitu ya mutu.

Unajua vile iko hapa kwetu, mama. Kisangani ni mji mukubwa kwa mwenye iko na bwana ao bibi, lakini wewe ukifikisha miaka makumi tatu bila ndoa, mji inakuwa kadogo, hauna tena fasi ya kukaa: ku réunion ya wamama hawakutaki sababu hauko mama, ku groupe ya vijana unakuta watoto wa juzi wanakuita tantine, shangazi, ukiingia ku nganda kunywa hata Fanta moja na rafiki, kesho jina yako imeshafika Makiso na kurudi, na ukibakia ku nyumba shangazi anaanza kukuangalia vile mutu anaangalia mvua yenye inakataa kuisha. Fasi moja tu njo wanatuachia, ni ndoa ya wengine. Kule wanatuita mbio mbio: "Clothilde, kuja ufanye protocole!" Na protocole ni wale wa chemise nyeupe na ruban, utepe, ku kifua, wanapokea wageni ku mulango, wanaonyesha kila mutu kiti yake, wanagawanya chakula na vinywaji, na hawakaake mpaka mugeni wa mwisho aende. Kazi ile wanatupatia sisi wenye hatujaoa na hatujaolewa, sababu wanasema hatuna nyumba ya kuwahi.

Bon, sisi tukasema, kama ni kusimama, basi tutasimama kushinda wote. Tukaungana, mimi, rafiki yangu Lydie mwenye anashonaka nguo, Guelord, Bilali yule mwislamu wa Maniema, Zéphirin wa Basoko na wengine, tukajiita Tuko Wima, na kila Jumapili kiisha ibada tunakutana ku parcelle, ile kiwanja ya nyumba ya papa yangu, tunatwanga lituma ya ndizi, tunachoma samaki, tunacheka, tunabishana, alafu tunapanga kazi. Mama Odile, nikuambie bila kujisifu. Hapana, nikuambie na kujisifu: hakuna ndoa yenye Tuko Wima walisimamia na chakula ikakosa nyuma. Wengine wote wanaanza kugawanya ku meza ya wakubwa, mpaka sahani zifike nyuma ni mifupa na muchuzi baridi. Sisi tunaanza nyuma. Mara ya kwanza wazee walikasirika, tonton mumoja akaniuliza kama nilikoseshwa adabu kwetu, nikamujibu, "Tonton, wewe hata ukikawia utakula, nani atakunyima? Lakini yule mama wa kule mwisho akikosa, atatoka na njaa, na ile njaa itataja jina yenu barabara yote." Akala wa mwisho, akashiba. Leo watu wanatutafuta, wanasema, tunataka wale wa kuanza nyuma. Wakristo wanatuita, waislamu wanatuita, ku ndoa ya kina Bilali tunafunga vitambaa vizuri kuliko wenyewe. Watu wenye mji ilisema hatuna kazi, hatuna nyumba, hatuna maana, leo hakuna sherehe bila wao. Hii kitu tuliijenga sisi, na ninaipenda, mama, ninaipenda sana.

Shida inatoka ku mwanzo. Wakati tulianza, wazazi wa wasichana walikataa kabisa, walisema wanaume wazima na wasichana wazima kukutana kila Jumapili, tutaona mimba tu. Njo papa yangu akaita wazazi wote kwetu, akaomba ma banc ya kukalia ku kanisa, akasimamisha wanaume wa équipe mumoja mumoja, akawaambia waseme mbele ya wote: "Hawa ni dada zangu." Guelord akacheka, papa akamurudishia aseme tena bila kucheka. Bilali akaongeza wallahi. Zéphirin, yeye mutu wa maneno kidogo, wakamusimamisha mbele yangu, akaangalia papa, mimi hakuniangalia, akasema, "Clothilde ni dada yangu." Tukakunywa jus ya nanasi ku bilauri moja, wazazi na sisi, ikazunguka mpaka ikaisha, na papa akasema, "Bon. Sasa muko ndugu. Muende mufanye kazi."

Zéphirin anatengenezaka ma moteur ya mitumbwi kule ku beach, bandari ya muto, hapa mjini hana ndugu, wakwao wote wako Basoko, na papa yangu alizaa wasichana tu. Donc ile neno papa aliichukua kweli kweli. Akaanza kumuita "mutoto wangu". Bati ikivuja, Zéphirin. Mutu akifa na familia inatafuta mwanaume wa kusema kwa jina yetu ku matanga, Zéphirin. Anaingia kwetu bila kupiga hodi, anafunua chungu mwenyewe, na shangazi anamugombeza kama anagombeza mutoto wa tumbo.

Sasa sikiliza. Ku ndoa moja ya Mangobo mvua ilipiga, upepo ikavunja muti ya hema, na Zéphirin akashika bâche, turubai ya hema, na mikono miwili juu ya kichwa ya bibi-arusi, na parrain, musimamizi wa ndoa, akaendelea na discours, hotuba yake, unawajua wale maparrain, hata mvua hawaionake. Zéphirin akasimama vile mpaka discours iishe, maji inaingia ku mikono ya chemise na kutokea ku mukaba. Nikakumbuka hajakula tangu asubui. Nikachukua sahani, nikamega lituma, nikamulisha ku kinywa na vidole vyangu mbele ya watu wote, na watu wakacheka, wakasema, "Angalieni vile dada anapenda kaka yake!" Yeye hakucheka. Na mimi, mama, nikasahau kuangalia sahani, muchuzi ikamwangika ku ruban yake, na mpaka leo hajafua ile ruban.

Kiisha tukaitwa kusimamia ndoa Basoko, na kwa kurudi, ndani ya baleinière, ile boti kubwa ya mbao, wengine wakiwa wanaimba kule mbele, akanikaribia akasema, "Clothilde, ile neno nilisemaka mbele ya papa, iko inanichoma. Nataka kuirudisha." Nikamuambia, "Nyamaza, watu watasikia." Akasema, "Niko nataka wasikie." Nikasema bado. Kila Jumapili akiniangalia nasema bado, sababu najua: siku wazazi watasikia Zéphirin na Clothilde, watasema ile undugu yote ilikuwa uongo, mama ya Lydie atamufungia Lydie ku nyumba, wengine vilevile, na Tuko Wima imekufa. Wasichana wale watarudia kukaa ku dirisha na kuhesabu pikipiki.

Alafu mwezi hii, tukiwa ku chakula, papa akaniuliza, "Yule Benoît wa bureau ya commune, mwenye alifiwa na bibi, unamuonaka namna gani?" Nikajibu, "Ni mutu muzuri, papa." Na ni kweli ni mutu muzuri, anakula bila makelele na anashukuru watu wa protocole. Kumbe kwa wazee wetu musichana akiulizwa vile na akajibu "muzuri", amekubali! Shangazi akapiga vigelegele ku jikoni, Mungu wangu, nikabakia na kijiko ku mukono. Sasa Jumamosi familia ya Benoît inakuja kujionyesha. Na unajua papa amechagua nani akae ku kiti ya kaka wa binti, apokee wageni, aseme kwa jina ya nyumba kama tumekubali ao tumekataa? Zéphirin!

Jana alikuja ku pharmacie, hakununua kitu, alisimama tu mbele ya comptoir na mafuta ya moteur ku mikono, akasema, "Nikikaa ku kile kiti, Clothilde, ni mimi nitakuwa nimekuoza. Sema moja." Nikaanza kuhesabia muteja vidonge. Lydie ananiambia, "Aka, na weye! Beba mimba, wazazi watanyamaza wenyewe." Guelord anasema tupande boti tuende Basoko, tutapiga simu tukiwa kule. Nimekataa yote mbili. Sikusimama wima mbele ya mji muzima ili ku ndoa yangu mwenyewe niingie nikiinama.

Donc nifanye nini, mama? Nikubali Benoît, équipe iishi? Ao niseme ukweli, équipe ife, na papa apoteze mutoto wake mwanaume wa pekee? Soma hii barua Alhamisi, papa anakusikilizaka kila Alhamisi, asikie jina yangu ku redio, na iishe.

Mimi Clothilde, wa Tuko Wima, Kabondo.

*

Clothilde,

Pole, binti yangu. Kumpenda mtu ambaye papa yako anamwita mtoto wake si jambo jepesi, na naona umelibeba kama unavyobeba sahani za watu, bila kumwomba mtu mkono. Nimekusikitikia, nimemaliza. Sasa lete sikio nilivute.

Sitasoma barua yako Alhamisi. Unaniambia hujifichi, kumbe unataka kujificha nyuma ya microphone yangu! Yaani papa Alphonse akae kwenye kiti chake na karanga zake mkononi, asikie habari ya nyumba yake kutoka kwangu, pamoja na Kabondo nzima, na jirani akohoe upande wa pili wa ukuta? Mimi kwa papa yako ni nani? Huo si ujasiri, Clothilde, ni woga uliopigwa pasi. Mwenye nyumba aambiwe ndani ya nyumba.

Na unamwogopa kwa kutomjua. Nikuambie kitu. Niliwahi kuwa mgeni kwenye ndoa moja ambayo mliisimamia, nilialikwa na mtu aliyealikwa, basi wakanitupa nyuma kabisa, karibu na groupe ya umeme, tunavuta moshi na kusikia nusu ya maneno. Nikajua leo ni mchuzi. Mara naona binti wa chemise nyeupe anakuja moja kwa moja kwetu na sufuria inayotoa mvuke, ananichagulia nyama, ananiambia, "Mama, anza wewe." Nikageuka kwa mzee aliyekaa kando yangu, nikamuuliza, huyu ni binti wa nani? Yule mzee akavimba kifua mpaka kifungo cha koti kikalalamika. Akasema, "Ni wangu. Kule mbele walinipa kiti, nimekikataa. Pale anapoanzia binti yangu, ndipo ninapokaa mimi." Nikamuuliza kama umeolewa. Akasema, "Bado. Na anayesema bado kwa kumcheka, aje aniambie ni ndoa gani mjini hapa ilipendeza bila yeye." Ndivyo alivyosema papa yako, na jina lake akanitajia, huku anakula. Sasa wewe unaniandikia kana kwamba una baba wa kukuonea aibu! Huna. Una baba ambaye hajaambiwa.

Kuhusu ule undugu wenu wa jus ya nanasi, nawagombeza wote. Wazazi walikosea, kwa sababu waliona heshima kati ya mwanaume na mwanamke haiwezekani mpaka mmoja aitwe dada. Na nyinyi mlikosea zaidi. Watu wazima, wengine na ndevu, mnasimamishwa kama watoto wa primaire, mnasema "dada yangu, dada yangu", na hakuna hata mmoja aliyesema, "Papa, mimi ni mwanaume, hawa ni wanawake, na pamoja na hayo nitawaheshimu." Hayo ndiyo maneno mliyotakiwa kusema, na ndiyo mliyoyafanya miaka yote hii. Mlifanya ukweli, mkasema uongo, ajabu gani hii! Lakini neno limetoka mbele ya watu, wakalinywea. Basi lirudi mbele ya watu. Halirudi kwa kunong'ona kwenye baleinière, na halirudi kwa mimba.

Ushauri wa Lydie uache palepale alipousemea, na ule wa Guelord pia. Mkikimbilia Basoko, wewe utapata bwana, na wenzako wote watafungiwa nyumbani kwa sababu ya mbio zako. Hapo ndipo Tuko Wima itakufa. Haitakufa kwa sababu wawili walipendana, itakufa kwa sababu wawili walitoroka. Wazazi wanaweza kumeza mapenzi. Kudanganywa hawamezi.

Na hilo la kumkubali Benoît ili équipe iishi, nisilisikie tena. Unataka kumlisha mtu aliyefiwa chakula ulichomwekea mwingine? Benoît amezika mke, ana haki ya kupata mwanamke anayemtaka yeye. Leo hii, ukishasoma barua hii, ingia jikoni kwa shangazi Micheline. Ndiye aliyepiga vigelegele, ndiye atakayevimeza. Mwambie "muzuri" yako ilikuwa ya tabia ya mtu na haikuwa ya ndoa. Atapiga kelele, mwache apige, halafu avae kitenge kizuri aende mwenyewe kwa familia ya Benoît, kwa heshima, kabla hawajaazima suti na viti. Habari kama hiyo haitumwi kwa simu. Shangazi ndiye mwenye mdomo wa kazi hiyo, na ataifanya vizuri.

Kesho mchana, Zéphirin aende kwa papa yako. Aende yeye, wewe usimtangulie kulainisha njia. Aoshe yale mafuta mikononi, avae chemise nyeupe, ruban aiache nyumbani. Na asianze na mapenzi! Wanaume wakianza na mapenzi mbele ya mzee wanazama. Aanze na kiti. Aseme, "Papa, kile kiti cha Jumamosi siwezi kukikalia." Mzee atauliza kwa nini. Hapo ndipo aseme, maneno machache, kwa bahati anayo machache. Papa yako akifoka, anyamaze. Akimfukuza, atoke, na kesho yake arudi. Na apige simu Basoko, mmoja wa wazee wake apande boti, maana kijana asiye na mtu nyuma yake haombi mchumba, anaomba msamaha tu.

Wewe utakuwa ndani, utakuwa unasikia, na ukiitwa utajibu kwa sauti. Ukiulizwa, "Unamtaka?" usije ukasema "ni mutu muzuri". Tumeona "muzuri" yako ilitufikisha wapi. Sema, "Ndiyo, papa, namtaka."

Halafu papa yako awaite wazazi walewale, na ma banc yaleyale, wasikie kutoka kwa mwenyewe. Wakiuliza kama kuna kilichofichwa, jibuni ukweli: moyo ulifichwa, mwili haukufanya kitu. Na Tuko Wima mbadilishe maneno yenu ya kuingia. Acheni dada na kaka. Semeni mnaheshimiana kwa kuwa mmeamua, na atakayempenda mwenzake atasema mapema, mchana, mbele ya wazazi. Mji huu hauna pengine pa kuwakutanisha watu wazima wasio na ndoa, nyinyi mmepatengeneza, basi msipafunge kwa sababu ya woga. Kwani kuna dhambi gani vijana wa heshima kukutana na kuoana? Wazazi wenyewe ndicho wanachoomba kila asubuhi!

Na kama papa yako atakataa, kaa. Usitoroke, usinune, endelea kuuza dawa zako, na Zéphirin aendelee kurudi. Mzee aliyekataa meza ya wakubwa ili ale unapoanzia wewe, hatakunyima kwa muda mrefu.

Fanya hivyo. Uniandikie ukiwa umekaa.

Mama Odile

*

Sasa yaliyofuata, maana najua mnataka. Shangazi Micheline alikwenda kwa Benoît, na Benoît, Mungu ambariki, alisema afadhali ukweli leo kuliko huzuni kesho, akamrudisha kwa pikipiki yake mwenyewe. Zéphirin alikwenda kwa papa Alphonse, akaanza na kiti. Mzee hakufoka. Aliingia chumbani, hakutoka mpaka chakula cha jioni, na alipotoka alisema jambo moja tu: "Jumamosi ibaki Jumamosi. Waite wazazi wote."

Mimi nilikwenda. Kwa nini nisiende? Nikakaa nyuma, na chakula kilianza kwangu.

Zéphirin alisimama katikati ya parcelle, mbele ya wazazi walewale, na mjomba wake aliyeshuka boti asubuhi ile alikuwa kando yake, kofia mkononi. Akasema, "Siku ile nilisema Clothilde ni dada yangu. Sikusema ukweli wote. Nalirudisha lile neno, na naomba msinichukie." Mama yake Lydie akamvuta binti yake karibu. Watu wakamgeukia papa Alphonse.

Mzee akamwangalia yule kijana, kisha akasema, "Toka."

Mioyo ikaanguka, nawaambia. Bilali akainuka kwenye banc. Clothilde alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni na sahani mkononi, kwa mazoea tu, maana hakuna aliyemtuma.

"Toka mpaka barabarani, na mjomba wako, ufunge mlango wa parcelle," papa Alphonse akaendelea. "Mutoto wangu anaingiaka hapa bila hodi. Lakini mwanaume mwenye anakuja kuomba binti yangu, apige hodi kama watu."

Wakatoka. Mlango ukafungwa. Halafu tukasikia, "Hodi!"

Mzee alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja.

"Hodi!"

Papa Alphonse akageuka kwa binti yake. "Weye, weka ile sahani chini. Lydie, mupatie kiti. Leo mugeni ni wako." Akangoja mpaka Clothilde akae kabisa, mbele ya watu wote, mikono mitupu mapajani. Ndipo akainua sauti mpaka barabarani kukasikika:

"Karibu! Ni nani huyo?"